Nyuso za Wasiopigwa Picha

Mke wangu alikuwa mchoraji wa kuta za maduka. Ukipita Kalamba mpaka leo utamwona ng'ombe wake kwenye ukuta wa bucha, ng'ombe mwekundu mwenye miguu myembamba kama ya swala. Watu humcheka. Yeye mwenyewe alikuwa akimcheka. Alisema alimchora akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, hakuweza kuinama vizuri, ndiyo maana ng'ombe yule juu ameshiba na chini ana njaa.

Sisi wawili ni watu wa Tulia, upande wa Kitui. Mimi nilipangiwa kufundisha shule ya msingi karibu na Kalamba, huku Makueni, naye akanifuata tulipooana, akiwa na sanduku moja la nguo na makopo matatu ya rangi. Siku tuliyojuana aliniita Mwalimu, na hakuacha kuniita hivyo hata tulipopata wajukuu.

Asubuhi alichora. Kuanzia saa sita hivi mpaka jioni alikuwa wa watu. Alijitolea katika afya ya kijiji: alitembelea wagonjwa nyumbani, akawaogesha wasio na mtu, akawasindikiza wajawazito hadi dispensari. Walimwita mwaitu, yaani mama, hata wale waliomzidi umri.

Kuchora nyuso kulianza kwa msiba. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye mke wangu alikuwa amemuuguza miezi mingi, alifariki, na familia ikatafuta picha ya kuweka kwenye karatasi ya mazishi isipate. Ile ya kitambulisho ilikuwa imefutika ikabaki kama kivuli. Binti wa marehemu akaja kwetu, macho yamevimba.

"Mwaitu, wewe si huchora? Tuchoree mama."

"Mimi ni wa ng'ombe na chapati," mke wangu akasema. "Mtu sijawahi."

Lakini alikaa, akachora kwa penseli niliyotoka nayo shuleni, akakoleza nywele na macho kwa mkaa wa jikoni. Alikuwa amemwosha bibi yule uso mara nyingi, na nadhani mkono ulikumbuka. Siku ya mazishi watu walisimama foleni mbele ya ile karatasi. Baada ya hapo wakaanza kuja, kutoka Kalamba na mbali zaidi, wote wakitaka kitu kimoja: sura ya mtu wao aliyekwenda bila kupigwa picha. Hakuwahi kumtoza mtu.

Wengi hakuwajua marehemu wao, kwa hiyo alijifunza kuuliza. Nakumbuka zaidi mama mmoja kijana aliyempoteza binti wa miaka minne. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani nikipukuchua mbaazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Masikio yake yalisimama ama yalilala?"

"Yalikuwa ya baba yake."

"Basi nenda kamwite baba yake."

"Hawezi kuja, mwaitu. Tangu tuzike hajasema na mtu."

"Sitaki aseme. Nataka masikio."

Kesho yake yule baba alikuja. Aliketi kwenye kigoda uani, kofia mkononi, akitazama chini. Mke wangu hakumpa pole wala hakumuuliza neno. Alimzunguka tu, akimwangalia sikio hili, kisha lile, akichora. Penseli ikikwaruza karatasi. Baada ya muda yule bwana akasema, bila kuinua kichwa, "La kushoto lilikuwa na kovu. Aling'atwa na mbwa." Kisha akalia, na mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja akamshika bega.

Siku ya tatu picha ilikamilika. Mama akaiangalia sana.

"Mdomo si wake," akasema. "Mtoto wangu alikuwa hafungi mdomo. Alikuwa akiongea tu."

Mke wangu akafuta mdomo kwa kipande cha ugali mkavu, akauchora upya ukiwa wazi kidogo, meno mawili ya mbele yakionekana. Yule mama akaichukua picha akaikumbatia kifuani mpaka mkaa ukamchafua blauzi. Ilibidi nywele na shavu virekebishwe tena kabla hatujaifunika kwa nailoni.

Sitadanganya kwamba mimi nilifurahia mambo hayo siku zote. Kuna majira nilichoka. Nilirudi nyumbani nikakuta watu wamejaa uani, jiko halijawashwa, watoto wamekula mahindi ya muthokoi ya jana yakiwa baridi. Siku moja nikasema kwa sauti, wageni wakisikia:

"Nyumba hii ni ya waliokufa? Na sisi tulio hai utatuchora lini?"

Aliendelea kuchora mpaka watu wakaaga. Walipoondoka alikuja nilipokaa, mikono bado myeusi kwa mkaa.

"Wewe upo, Mwalimu," akasema. "Nikitaka uso wako nakuangalia."

Niliona ananikwepa. Nilikasirika siku mbili nzima, nikala bila kuongea. Siku hizo mbili ningezirudisha leo kama mtu angejua njia. Si ili niseme jambo la maana, ila nikae naye mezani nimuulize kama chai ina sukari.

Miaka michache baada ya mimi kustaafu, kiharusi kilimpata. Alikuwa akianika nguo, akaona kamba inapanda, ndivyo alivyonieleza, kamba inapanda na yeye anashuka. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai na akili zake timamu, lakini mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Aliubeba kwa ule wa kushoto kama anavyobebwa mtoto. Baada ya miezi kadhaa aliweza kutembea kwa fimbo, akaanza tena kuwazungukia wagonjwa wake, polepole, akipumzika kwenye kila jiwe la njiani. Kuchora hakurudi.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka Sultan Hamud, muuza vitunguu kandokando ya barabara ya Mombasa. Mumewe alikuwa amefariki. Simu iliyokuwa na picha zake iliibwa sokoni, na hakuwa na nyingine. Alipoona ule mkono alielewa papo hapo, akaanza kuomba radhi na kunyanyuka.

"Keti," mke wangu akamwambia. Halafu akanigeukia. "Mwalimu, chukua penseli."

"Mimi?"

"Umeandika ubaoni miaka yote hiyo. Mkono unao. Maswali nitauliza mimi."

Tulikaa mchana kutwa chini ya paa la jikoni, sisi watatu. Yeye aliuliza, mjane akajibu, mimi nikachora. Bega la mke wangu lilikuwa limeegemea langu ili aone karatasi.

"Punguza hapo. Umemzeesha."

Nikafuta.

"Sasa umemfanya msichana."

Mjane akacheka, akashtuka kwa kucheka, akajifunika mdomo kwa leso. Mke wangu naye akacheka, kile kicheko chake kipya cha upande mmoja wa mdomo, nami nikatokwa na jasho kama mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa kuandika herufi. Mara mbili alinishika kifundo kwa mkono wake mzima, akaniongoza mstari. Nilichora pua nne.

Jua lilipoteremka mjane aliichukua karatasi akaisogeza kwenye mwanga.

"Si yeye," akasema taratibu. "Lakini anafanana sana na ndugu yake." Akaikunja vizuri, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo. "Nitakaa nayo. Nikimwona ndugu, mwenyewe hayuko mbali."

Katika maisha yetu yote pamoja, mchana ule ndio ninaoutaka. Sijui kwa nini si harusi, si kuzaliwa kwa watoto. Nautaka ule, na uzito wa bega lake.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata, kiharusi cha pili. Tulimzika hapa Kalamba, si Tulia. Kwenye karatasi ya mazishi tuliweka picha aliyopigwa na binti yetu kwa simu kwenye harusi moja, anacheka, anaangalia kitu ambacho hakimo kwenye picha. Nimemuuliza binti yangu mara nyingi mama yake alikuwa akiangalia nini. Hakumbuki.

Kuta zake zinapungua. Mwaka jana nilikwenda Sultan Hamud nikakuta fundi anapaka rangi hoteli ambayo mke wangu aliichorea sahani ya chapati yenye moshi. Nilimwomba angoje kidogo. Akaniuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Nikamwambia hapana, aliyechora alikuwa mke wangu. Kijana mwenye adabu, alishuka kwenye ngazi, akafungua soda, akanisubiri. Nilisimama pale. Alipomaliza soda nikamshukuru, akapanda akaendelea.

Kuna kazi yake moja niliyoirithi bila kuitafuta. Kuna mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, sasa amelala kitandani kwa binti yake, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Kila Jumatano mke wangu alikuwa akienda kumnyoa ndevu na kumkata kucha. Baada ya mazishi binti yake alinitumia ujumbe, akisema ndevu za baba zinamwasha na hataki kuguswa na mtu asiyemjua. Mimi ananijua. Nikaenda.

"Mwaitu yuko wapi leo?" akaniuliza.

"Alitutoka, mzee. Tumeshamzika."

Alivuta blanketi akajifunika uso, akalia mpaka kitanda kikatikisika. Jumatano iliyofuata akaniuliza tena, maana kumbukumbu zake hazikai siku hizi. Nikamwambia tena, akalia tena vilevile, kama anayesikia mara ya kwanza. Jumatano ya tatu nilishindwa.

"Ametoka kidogo, mzee."

"Amekwenda kwa mgonjwa?"

"Eeh."

"Ndivyo alivyo. Hatulii. Akirudi mwambie kidevu hiki kimeota kama shamba la mvivu."

"Nitamwambia."

Mimi ni mzee wa kanisa, na najua uongo ni uongo. Mchungaji sijamwambia. Lakini siku hizi ikifika Jumanne naanza kuingoja Jumatano, kwa sababu katika nyumba ile mke wangu amechelewa tu. Tunamsema. Mzee hunihadithia mambo ambayo mke wangu alimwambia, mengine siyajui, mengine labda anayatunga, nami nayapokea yote. Nampaka povu polepole ili nisimalize haraka.

Wiki iliyopita nilimkata kidogo chini ya sikio. Akashtuka, akanishika mkono.

"Mkono wake ni mwepesi kuliko wako," akasema.

"Najua, mzee," nikamwambia, nikabonyeza pamba mpaka damu ikakauka.