Torati ya Baba na Rika la Ndugu Yangu

Watu wakisikia nimelelewa Kitengela katika nyumba iliyoshika Torati, swali la kwanza huwa ni kama tulikuwa Wayahudi. Hapana. Tulikuwa Wamaasai wa kawaida tu. Baba alinunua na kuuza ng'ombe, mama alikaa nyumbani na maneno yake, na sisi watoto tulivaa viatu vya plastiki kama watoto wengine. Swali la pili huwa ni kama bado naamini vile. Hapo ndipo huwa nakasirika, kwa sababu sina jibu, na sipendi kuulizwa kitu ambacho nimejiuliza mwenyewe nikashindwa.

Mambo yalianza miaka ya tisini, wakati Kitengela bado ilikuwa na nyasi nyingi kuliko ploti. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akasikia kuna kikundi kidogo cha waumini wanaokutana sebuleni kwa fundi mmoja wa redio. Walimwamini Yesu kama sisi na waliomba kwa jina lake kama sisi, lakini walisema amri zote za Torati bado ziko kazini, hakuna aliyezistaafisha. Baba alienda kuwakosoa. Akarudi kimya. Ungemjua baba, ungejua hapo tumepatikana.

Akaacha kuuza ng'ombe Jumamosi, na soko lake kubwa lilikuwa Jumamosi. Akaacha damu, ile tunayoikinga kwenye shingo ya ng'ombe na kuchanganya na maziwa. Akaanza kununua nyama kwenye bucha ya Msomali mmoja, kwa sababu huko, alisema, angalau damu inamwagwa chini yote. Yule Msomali alifurahi kupata mteja, lakini sidhani aliwahi kuelewa huyu ni Mkristo wa aina gani.

Na baba hakuwa mjinga, hilo niliseme mapema. Watu walimcheka, lakini kumshinda kwa hoja hawakuweza. Jioni tukinywa chai alikuwa ananiuliza, mimi binti yake mkubwa, "Kuiba bado ni dhambi?" Nasema ndiyo. "Kumdharau mama yako?" Ndiyo. "Basi ni nani aliyepita hapo katikati akasema hii ishike, ile iache? Mimi nikikuachia ng'ombe kumi uchunge, ukarudi na saba, utaniambia wale watatu walikuwa wa zamani?" Kisha anaongeza lile lililomshika yeye mwenyewe: Bwana alitahiriwa, alishika Sabato, hakula najisi, na alisema wazi hakuja kuifuta sheria. "Sasa mnamfuata wapi," alikuwa anauliza, "kama hamkanyagi alipokanyaga?" Mimi nilikuwa naona ana haki. Hata leo nikiwa peke yangu naona ana haki, na hiyo ndiyo shida yangu.

Mama hakubishana naye kwa Maandiko. Hakujua kusoma. Alikuwa na njia yake. Siku moja baba alimsifu kwa kutopika nyama siku ile tuliyokuwa tumekunywa maziwa, akasema hiyo nayo ni Torati. Mama akacheka. Wamaasai hatuchanganyi nyama na maziwa tangu zamani, kila mtu anajua, na hakuna aliyetuandikia mahali. Baba akafurahi kweli, akaanza kusema labda sisi ni mabaki ya Israeli, labda babu zetu walipewa amri zile wakazisahau nusu. Mama alimwacha amalize. Alikuwa na mimba kubwa wakati huo, na alikaa akijikuna mguu polepole.

"Sawa, mzee," akasema. "Kama ile ya nyama Mungu alitupa sisi, si alitupa na ile ya kutahiri? Labda nyinyi aliwaambia siku ya nane, sisi akatuambia tungoje."

Baba akalitazama tumbo lake. Hapo ndipo nilipojua wawili hawa wameshalizungumza jambo hili bila sisi, na kwamba tumbo lile ndilo lililokuwa likizungumziwa.

Acha nieleze, kwa sababu mtu asiye wa kwetu anaweza kufikiri ni ugomvi wa kisu na hospitali. Kwetu mvulana hutahiriwa akiwa amekua, pamoja na wenzake wa msimu huo. Wale wanaotahiriwa pamoja ni rika moja mpaka kufa. Wanakula pamoja, wanachangiana ng'ombe, mmoja akikosa wengine wanaaibika. Mtu mzima asiye na rika hana pa kukaa wazee wakikaa. Kumtahiri mtoto mchanga ni kumtoa kwenye foleni kabla hajajua kuna foleni. Hilo ndilo mama aliliogopa, na mimi nililiogopa pamoja naye, ingawa jioni kwenye chai nilikuwa nakubaliana na baba.

Mtoto akazaliwa, mvulana, na akazaliwa Jumamosi. Ukihesabu kama wanavyohesabu wao, siku ya nane nayo ni Jumamosi. Baba akashikwa pande zote mbili. Sabato hakuna kazi, na kutahiri ni kazi. Lakini siku ya nane ni siku ya nane, haisogezwi. Kikundi cha sebuleni kikagawanyika, nusu wakisema angoje Jumapili, nusu wakisema akingoja amevunja. Baba alizunguka nyumba na chai mkononi mpaka ikapoa. Mama, akiwa kitandani na mtoto, alikuwa na amani kabisa. "Unaona?" akaniambia kwa Kimaa. "Mungu mwenyewe amefunga mlango."

Fundi wa redio ndiye aliyeufungua. Alikuja na Maandiko yake yaliyochakaa, akaonyesha mahali ambapo Bwana anawaambia watu kwamba wanatahiri hata siku ya Sabato ili sheria isivunjwe. Baba alisoma mara moja, akafunga kitabu, akashukuru. Mama akageukia ukuta. Mimi sikujua nimshangilie nani.

Baba alilipa kliniki Ijumaa, ili asishike pesa Sabato. Jumamosi akakataa kupanda gari, tukaenda kwa miguu, yeye amembeba mtoto kifuani ndani ya koti, mimi nimebeba mwavuli na nepi. Mama alibaki. Kabla hatujatoka alisema neno moja tu: "Siku ile wenzake wataitwa, wewe ndiye utakayemwambia. Si mimi."

Daktari alimuuliza baba kwa nini hangoji mtoto akue, si sisi ni Wamaasai? Baba akasema ni Wamaasai, ndiyo, lakini kabla ya hapo ni wa Mungu. Basi. Nilitoka nje. Mtoto akalia, na alilia kwa sauti ya kufukuza ndege. Kwetu kijana akitahiriwa hapepesi jicho. Akitikisika hata kidogo, aibu inaingia boma zima na watu wanaisimulia miaka. Niliporudi ndani nilimkuta baba akitazama mlangoni na dirishani, akiangalia kama kuna mtu amesikia. Mtoto wa siku nane! Alipogundua namwona akainamisha uso. Nadhani hapo hata yeye alichanganyikiwa, ila hakuwahi kukubali.

Koko, mama yake baba, alikuja kutoka nyumbani, ng'ambo ya Kajiado, na siagi ya kumlisha mama aliyejifungua. Akamfungua mtoto, akaangalia, akamfunika tena. Hakumgombeza mtu. Akauliza tu, "Sasa huyu atakula na nani?"

Miaka ikapita, na kwa muda mrefu swali hilo halikuwa na uzito. Ndugu yangu alikua mtoto wa furaha. Likizo alienda kwa koko kuchunga mbuzi na wenzake, wakapigana, wakaibiana maembe ya sokoni, wakapatana. Kitengela ikajaa nyumba za mawe. Mimi nikawa mwalimu Kajiado. Kile kikundi cha sebuleni kikaisha kidogo kidogo: mmoja alihama, wengine walirudi makanisani kwao, fundi wa redio akaenda kufanya kazi mbali. Ikabaki nyumba yetu tu, baba akisoma Sabato na sisi tumekaa tukimsikiliza.

Kisha ikatangazwa kwamba Desemba hiyo wavulana wa kwetu watatahiriwa. Wenzake wote. Ndugu yangu alirudi kutoka kwa koko kabla likizo haijaisha, akaacha kula na sisi mezani. Baba akamwita, nami nilikuwepo.

"Baba," akasema, "mimi ni rika gani?"

"Wewe ni wa rika la watu wa Mungu," baba akamjibu, na alilisema kwa upole, kama kitu alichokuwa amekitayarisha miaka mingi.

"Wako wapi?"

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele, na mkono wake ukasimama. Baba alifungua mdomo, akaufunga. Mwenye hoja zote za dunia.

Kesho yake alienda kwa wazee. Mimi nilikwenda naye, nikakaa nyuma na wanawake. Wazee hawakuwa wabaya hata kidogo. Wakasema jambo hili ni rahisi, hata wale waliotahiriwa hospitalini huwafanyia hivi: ataingia na wenzake, atavaa wanavyovaa, alfajiri kisu kitamgusa kidogo tu, tone moja litoke, na mambo yaishe. Ni mtoto wetu, wakasema. Nilitaka kuwabusu mikono.

Baba aliomba muda wa kufikiri. Tukarudi Kitengela. Tulipofika akasema hapana.

Nilimpandia juu siku hiyo, na mimi si mtu wa kumpandia baba. Nilimwambia ni tone moja la damu. Nilimwambia Mungu gani huyu anayemnyima mtoto wenzake kwa sababu ya tone. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," akasema, "nikikubali tone hili, nimesema lile la kwanza lilikuwa bure. Nimesema nilimbeba kwa bure, na alilia bure. Agano halikatwi mara mbili. Wewe mwalimu, nionyeshe nilipokosea, nami nitampeleka leo."

Sikuweza kumwonyesha. Nilitaka sana, nikazunguka ndani ya kichwa changu nikitafuta mahali pa kuingilia, na kila mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Nilijua amekosea na sikuona kosa. Nikaenda nje nikalia kwa hasira.

Siku yenyewe iliangukia Jumamosi. Kule nyumbani walikuwa wameamka kabla ya jua. Sisi tulikuwa Kitengela, baba na kitabu chake sebuleni, ndugu yangu chumbani amelala akitazama mabati. Mama hakuketi nasi kusikiliza. Alichukua beseni, sabuni na wembe, akaenda nyuma ya nyumba. Nilifikiri anaenda kufua ili amkasirishe baba.

Mchana umeenda sana aliingia, amenyoa kichwa. Mbele na juu kuling'aa, lakini nyuma, ambako mkono haufiki vizuri, nywele zilikuwa zimebaki vipande vipande, na damu kidogo shingoni. Baba alisimama. Torati inakataza kujinyoa kichwa kwa ajili ya maiti, na akili yake ilikimbilia huko.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," mama akasema. "Leo mama za watoto wale wananyolewa. Kijana akitahiriwa, mama yake ananyolewa na wanawake wenzake, unajua hivyo. Mimi pia nina kijana. Wewe umeshika yako, mzee. Mimi nimeshika yangu."

Nilimwangalia baba nikingoja aya. Nadhani sote tulingoja. Ndugu yangu alikuwa amekuja mpaka mlangoni mwa chumba.

"Umeacha huku nyuma," baba akasema.

"Sina macho huko."

"Ngoja jua lizame."

Akaketi. Hakufungua kitabu tena. Mama naye akaketi, na kichwa chake kile, na sote tukangoja mpaka jua lilipoingia nyuma ya milima ya Ngong na Sabato ikaisha. Ndipo baba akavua koti, akaomba maji ya moto, akamweka mama kwenye kigoda uani na kumnyoa nyuma ya kichwa, polepole sana, mkono mmoja umeshika paji la uso lake. Sijui kama kuna mwanamume mwingine wa kwetu aliyewahi kumfanyia mkewe hivyo. Hiyo si kazi yao.

Alipomaliza, mama akaondoka kwenye kigoda na ndugu yangu akakaa. Hakuna aliyemwita. Akainamisha kichwa, kwa sababu kijana wa kutahiriwa naye hunyolewa. Baba akamlowesha, akaanza juu ya kichwa, akashuka. Alipofika juu ya masikio wembe ukasimama. Torati inamkataza mwanamume kunyoa pembe za kichwa, na baba hakuwahi kuzigusa za kwake wala za mwanawe. Alisimama pale na wembe hewani. Ndugu yangu hakutikisika. Alikuwa ametazama mbele tu, hapepesi jicho, vile wenzake walivyotazama alfajiri ile. Nilijua safari hii hajui la kufanya, hajui kabisa.

Mama ndiye aliyeinama, akazigusa zile nywele upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Hizi mwachie," akasema. "Hizi ni zako na Mungu wako."