Siku Kompyuta Ilipotaka Tupunguzwe

Miaka ile neno "kupunguza" halikutamkwa ovyo katika ofisi yoyote ya Dodoma. Viwanda vilikuwa vinauzwa, mashirika yanavunjwa, na kila mwenye ajira alikuwa na jirani au shemeji aliyerudi nyumbani na barua, akabaki kukaa barazani anasikiliza redio. Hata mtu asiyetaka sukari nyingi kwenye chai alisema tu, "Nitilie kidogo."

Mimi nilikuwa katibu muhtasi katika mradi mmoja wa mifugo, ofisi ndogo ya paa la bati na vumbi lisilokwisha. Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta moja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepelekwa kozi, ilikaa mezani kwangu, nimeifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Wenzangu waliichukulia kama mgeni ambaye hawajajua kabila lake. Mzee wa masijala, aliyetunza majalada ya ofisi tangu wengi wetu tukiwa shule ya msingi, alikuwa akipita karibu nayo anashusha sauti.

Basi akatumwa kijana mtaalamu kutoka Dar es Salaam kuja kuiwekea mfumo mpya, maana wafadhili walitaka ofisi zote za mradi zifanane. Kijana akafika na sidii yake mkobani, akapangusa vumbi, akaanza kazi. Mashine ikanguruma. Mstari wa bluu ukatambaa kidogo kwenye kioo, kisha ukasimama, na likatokea tangazo la Kiingereza. Kijana akalisoma, akaguna, akamgeukia bosi wetu aliyekuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni.

"Mkuu, nafasi haitoshi."

"Haitoshi?"

"Haitoshi kabisa. Hapa lazima tupunguze. Tuanze na mafaili ya zamani ambayo hayana kazi tena."

"Basi punguzeni," bosi akasema. "Mimi sitaki aibu mbele ya wafadhili."

Mlango ulikuwa wazi. Mhudumu wetu, mama mmoja wa Buigiri mwenye masikio mepesi na moyo mwepesi zaidi, alikuwa ndiyo anaingia na chai. Akaiweka sinia mezani taratibu, hakugawa vikombe, akatoka kinyumenyume.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka jikoni si mbali, lakini njiani "nafasi haitoshi" ikawa "nafasi hazitoshi". Ya kwangu ilihusu diski ya kompyuta. Ya jikoni ilihusu ajira.

Nilipotoka kwenda kutafuta sukari nikamkuta dereva anaosha gari la mradi. Mjini hapa, ambako maji ya bomba yalitoka kwa kudra, dereva alikuwa anasugua matairi kwa maji ya kunywa. Mhasibu, ambaye baada ya chakula cha mchana hakuna aliyewahi kumwona, siku hiyo alikaa mpaka jioni akijumlisha kwa sauti ili tumsikie. Asubuhi yake akatokea bwana mifugo wa Hombolo, mtu tuliyekuwa tunamjua kwa saini yake tu. Alikuwa amevaa koti jeupe la kazi ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, na mkononi ana ndoo ya zabibu.

"Dada, za nyumbani? Watoto hawajambo?"

"Sina watoto, kaka."

"Watakuja. Nimekuletea zabibu." Akaitazama kompyuta, akasogea nyuma hatua moja. "Wewe ndiye unayekaa nayo. Inakusikiliza. Mimi faili langu ni la zamani, sikatai, lakini halijakosa kazi."

Nikamkalisha, nikamweleza. Nikamwambia diski ni kama ghala, na mfumo mpya ni kama shehena ya mtama inayosubiri nje. Ghala limejaa, kwa hiyo vitu vya zamani lazima vitolewe ili shehena iingie.

Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Ndivyo tulivyosikia," akasema kwa huzuni. "Vitu vyenyewe ndiyo sisi."

Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuthibitisha. Nikasimama uani nikatangaza kwamba hakuna mtu hata mmoja atakayeondolewa. Dereva akatikisa kichwa. "Kwenye shirika la shemeji yangu walisema hivyohivyo," akasema, "tena kwa kipaza sauti."

Adhuhuri bosi akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Katibu, ile mashine imetaja majina?"

"Mkuu, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Lakini yule kijana alisoma kimoyomoyo." Akajifuta jasho. "Vyeo vya juu imevigusia?"

Sikujua nicheke au nilie. Nilipotoka humo, kijana wa Dar alikuwa amefungua orodha ya vitu vyote vilivyokuwa ndani ya kompyuta, na asijue lolote kuhusu msiba uliotanda nje, akatoa kichwa mlangoni akauliza kwa sauti, "Jamani, Masijala ni nani hapa?"

Ua wote ukamgeukia mzee.

Mzee wa masijala hakuja mara moja. Alikwenda kwanza kuchukua koti lake la suti lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, akalivaa katika jua lile, akafunga vifungo vyote, ndipo akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia naitwa."

"Karibu ukae. Mzee, nimeangalia yote. Lako ndilo kubwa kuliko yote."

"Ni la miaka mingi."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Tukiliondoa hili moja tu, nafasi inapatikana. Hatutagusa jingine."

Mzee akafikiri. "Yaani nikiondoka mimi, hawa wengine wote wanabaki?"

"Wote, mzee. Halitaguswa hata moja."

Akavua kofia, akaiweka magotini. "Basi niondoeni mimi," akasema. "Hawa wana watoto wadogo. Ila kiinua mgongo changu kisicheleweshwe."

Kijana akanitazama. "Kiinua mgongo cha nini?"

Sikupata muda wa kujibu. Nje ya dirisha ofisi nzima ilikuwa imejipanga inasikiliza, na mhudumu alikuwa ameshaangua kilio. Akaingia mbio na kanga imemtoka begani, dereva nyuma yake akipiga kelele, "Mzee haondoki! Haondoki mtu hapa!" Mama yule akainama chini ya meza, akashika waya wa umeme kwa mikono miwili, akaung'oa ukutani. Kompyuta ikafa. Akabaki ameukumbatia ule waya kifuani, anahema, anamtazama kijana wa Dar kama mtu aliyemnyang'anya jambazi panga.

Ilichukua muda kumshawishi auachie. Hatimaye nilimwambia nitawaonyesha hilo faili kwa macho yao, na kama ni la mtu, auchukue waya aende nao nyumbani. Akakubali. Tukaiwasha mashine, tukaingoja izinduke, watu wamejazana mpaka kwenye kabati. Bosi naye alikuwamo, katikati ya mhasibu na bwana mifugo, kama yeyote.

Nikafungua. Zilikuwa picha za majosho. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa mshauri wa mradi alikuwa amezipiga mkoa mzima kabla hajarudi kwao, akaziingiza kwenye kompyuta, na kwa kuwa zilikuwa kumbukumbu akaziandika "Masijala". Nikapitisha moja baada ya nyingine. Ng'ombe anaingia majini. Ng'ombe yumo majini. Ng'ombe anatoka, amelowa.

"Huyo namjua," bwana mifugo akasema. "Alishakufa."

"Kwa hiyo," dereva akauliza polepole, "wanaopunguzwa ni ng'ombe?"

"Ng'ombe," nikasema.

Shangwe iliyopigwa ilifanya watu wa ofisi ya jirani waje kuuliza nani kaoa. "Punguza!" wakapiga kelele. "Punguza wote!" Kijana akaweka kidole kwenye kitufe.

"Ngoja," mzee wa masijala akasema, akasimama na kuvaa kofia yake. "Mimi ningeondoka, ningekwenda zangu kulima. Lakini kumbukumbu za ofisi haziteketezwi bila kibali."

Hakuna aliyeweza kumgeuza, hata bosi. Ikabidi tuzihamishie picha zile kwenye flopi, vile visahani vya plastiki vya kuhifadhia kumbukumbu, kisahani baada ya kisahani, mpaka jua likaanza kupoa, na mzee akavipokea kimoja kimoja akivigonga mhuri kwenye karatasi ya pembeni. Ndipo nafasi ikapatikana na mfumo mpya ukaingia. Ulikuwa na rangi nzuri.

Mwaka uliofuata barua za kweli zikaja. Mradi ulikuwa unafungwa. Ofisa aliyetumwa kutoka makao makuu alijiandaa kwa hotuba ndefu ya kutupa pole, akashangaa kuona watu wanaitikia kwa vichwa na kumuuliza kama amekula. Kumbe tangu siku ile hakuna aliyeniamini kwa moyo wote. Dereva alikuwa ameshanunua kiwanja Hombolo, mizabibu imeanza kutambaa. Mhasibu alikuwa anafundisha jioni shule ya binafsi. Mhudumu alikuwa na meko yake sokoni Majengo, karibu na wauza nafaka, anauza wali na maharage kila asubuhi kabla hajaja kazini. Mzee wa masijala aliisoma barua yake mara mbili, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaitia katika jalada lake.

Aliyelia ni mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba ilikuwa diski tu, kwa hiyo sikuwa nimejiandaa kwa lolote.

Wiki hiyohiyo nikapita Majengo. Mama yule akaniona, akanivuta kwenye benchi, akanipakulia sahani iliyojaa.

"Mama, ilikuwa diski kweli," nikamwambia.

"Ilikuwa diski," akakubali, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Kula kwanza."

Kesho yake alfajiri nilikuwa pale, namenya vitunguu upande wa pili wa sinia yake.