Matofali Chini ya Mashine

Kulthum alijua mti utapasuka kabla haujapasuka. Sauti ilimfikia kupitia ukuta wa karakana: patasi butu ikikwaruza mti mkavu, kama kisu kinachokwangua sufuria. Kisha kikaja kishindo, mashine ikazimwa, na upande wa pili shemeji yake, Fahim, akatoa tusi. Kulthum alikuwa amekaa mkekani katika nguo zake za eda, tasbihi mkononi. Alipaswa kumwombea marehemu mumewe, lakini asubuhi hiyo alikuwa akimlaani mtu aliye hai, na hakuona haya.

Tuseme ukweli mapema, maana uongo ndio uliozaa haya yote. Yahya, Mungu amrehemu, hakuwahi kukereza hata mguu wa stuli. Ruiru nzima, kuanzia stesheni ya reli hadi msikitini, ilimjua kuwa fundi hodari wa kukereza nakshi. Nguzo za ngazi zilizosokotwa kama kamba, vitanda vyenye shanga na maua ya mti, vyote viliitwa mkono wa Yahya. Mkono wenyewe ulikuwa wa mkewe.

Kazi hiyo Kulthum aliipata kwa baba yake, aliyejifunza katika karakana ya shamba la kahawa. Mzungu wa shamba alikuwa na mashine ya kukereza, ya kujifurahisha tu, akichonga vikasha na vinara vya mishumaa, na alipofunga virago baada ya Uhuru alimwachia yule mzee mashine hiyo. Mzee hakuwa na mtoto wa kiume, akamfundisha binti. Siku alipomwoza, mashine ilikuja kwa mkokoteni pamoja na masufuria ya bibi harusi, na mzee akaja nayo, msumeno kwapani. Alimsimamisha Kulthum mbele ya mashine, akaikata miguu ya meza yake kidogo kidogo mpaka mti unaozunguka ukalingana na kiwiko cha binti yake. Mtu akikereza huku mabega yamepanda huchoka, alisema, na akichoka huharibu.

Yahya alikuwa na mdomo wa kuuza. Watu walikuwa wanajenga Ngoingwa, wanajenga Kahawa Sukari, kila mmoja anataka ngazi ya kumkera jirani. Nani, aliuliza Yahya, angemwamini mwanamke na nguzo za ngazi yake? Kulthum alikubali shingo upande, kwa mwaka wa kwanza tu, na mwaka huo wa kwanza haukuisha. Mteja akibisha hodi, Kulthum aliingia nyuma ya pazia, na Yahya akachota konzi ya maranda kutoka sakafuni akajinyunyizia mabegani. Gachau, mwenye duka la fanicha mjini Thika na mteja wao mkubwa kuliko wote, alikuwa akimpangusa maranda hayo huku akicheka na kuusifu mkono wake. Kulthum alisikia kila neno, kisha akawapelekea chai.

Wageni wakiondoka, mume na mke waligombana. Yahya alikuwa akicheka, akisema chungu ni kimoja na wanaokula ni hao hao. Aliahidi kwamba siku moja atawaambia watu. Kifua kikambana, akalazwa, akafa, na siku hiyo moja hakuiona.

Fahim hakungoja hata machozi yakauke. Matanga yalipoanuliwa, aliutoa ufunguo wa karakana kwenye msumari wake akautia mfukoni. Mashine ya mwanamume, alisema, inarudi kwa ndugu zake. Na shemeji yuko edani, haruhusiwi kuvuka kizingiti mpaka eda iishe. Siku zikiisha, mashine itakuwa imeshapakiwa kwenda kwake Thika. Kulthum alimwambia kwamba mashine ni ya baba yake na kazi ni yake mwenyewe. Hayat, dadake Fahim, aliyekuja kukaa naye na ambaye kukaa kwake kulikuwa kumchunga, alimwonea huruma mbele ya watu akasema huzuni imempanda kichwani. Fahim ndiye aliyecheka. Mashine yenyewe ndiyo inafanya kazi, alisema, mtu anashika tu.

Anashika tu! Tangu hapo Kulthum alikaa upande huu wa ukuta akisikiliza yule mpumbavu akishika tu. Alisikia mti ukichanika, alisikia patasi isiyonolewa, na alijua kwamba kila nguzo iliyoharibika inatoka nje kwa jina la karakana yake. Halafu ukuta wenyewe ukaanza kutetemeka. Mashine iliyokaa vizuri sakafuni haitetemeshi ukuta. Amekifanya nini chombo changu, alijiuliza, akausukuma uji kando.

Asubuhi hiyo ya kishindo, Hayat alikuwa ameenda sokoni. Bi Nadira, mama mzee wa mtaa anayeosha maiti za wanawake, aliingia kumjulia hali. Kulthum alimweleza yote. Bi Nadira alisikiliza, kisha akauliza ni nani aliyemwambia hawezi kutoka mchana.

"Fahim," Kulthum akasema.

"Fahim amekuwa sheikh lini? Mwanangu, usiku ulale kwako, na usijipambe. Lakini mchana, mwenye haja ya riziki yake hutoka. Nimewafundisha wajane wengi hivyo, na mimi nilifundishwa na walionitangulia."

Kulthum hakushukuru. Alikuwa na hasira hata na Bi Nadira kwa kuchelewa kuja. Miezi amefungiwa ndani kwa kufuli ambalo halikuwapo!

Hapo gari likasimama nje, na sauti ya Gachau ikasikika ukutani. Amerudisha nguzo za kitanda, mteja wake amezikataa, na huu si mkono wa Yahya hata kidogo. Fahim alimjibu kwamba mkono ni wa ukoo, atauzoea. Gachau akasema hatazoea, na kama mambo ndiyo haya, basi leo ndiyo mwisho wa kununua hapa.

Kulthum alivaa viatu akatoka.

Mlangoni mwa karakana nusura ajikwae. Gurudumu la shaba lenye matundu, lile linalopimia petali za maua zisipishane hata kwa unywele, lilikuwa chini limewekwa kuzuia mlango usijifunge na upepo. Aliliokota akalifuta kwa kitambaa chake cha eda. Kisha akaiona mashine. Ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, mawili mawili kila mguu, kama gari lililoibwa magurudumu.

Gachau alivua kofia. "Pole sana, mama. Nilidhani bado uko edani."

"Nani ameinua mashine ya baba yangu?" Kulthum aliuliza.

Fahim hakumjibu yeye. Alimgeukia Gachau, mwanamume kwa mwanamume. "Ni mimi. Ilikuwa chini sana, inavunja mtu mgongo. Hata sijui Yahya alikuwa anafanyaje."

Gachau aliutazama mlango ambao Yahya alikuwa hapiti bila kuinama. Alimtazama Fahim, ambaye kichwa chake kilikuwa kikiishia kwenye bega la nduguye. Akaitazama mashine, halafu kiwiko cha yule mwanamke mfupi aliyesimama na gurudumu la shaba kifuani.

"Yahya alikuwa mrefu kukushinda," alimwambia Fahim polepole.

"Hakuwa anafanya," Kulthum akasema. "Nilikuwa nafanya mimi."

Fahim alianza kusema kwamba mjane amechanganyikiwa, lakini alikuwa ameshasema lililotosha. Gachau aliketi juu ya gogo. "Ngai," akasema, "hata chai ya hapa ilikuwa na unga wa mbao."

"Na uliinywa miaka yote."

Kulthum aliliweka gurudumu mezani. Alichukua boriti, akalipenyeza chini ya mguu wa mashine, akalilalia kwa uzito wake wote. Gachau aliinuka akaja kusaidia. Tofali moja moja likatoka, na mashine ikashuka kwenye mashimo yake ya zamani sakafuni. Fahim alibaki amesimama, mikono ikining'inia.

Kwanza Kulthum alinoa patasi. Alinoa kwa muda mrefu, bila haraka, na wao wakangoja. Kisha akafunga mti mpya, akawasha. Ukuta haukutetemeka. Maranda yalitoka marefu na membamba, yakamrukia kifuani na mabegani, na mti ukaanza kujisokota mbele ya macho yao. Kila alipokata alimkumbuka Yahya, na hakumkumbuka kwa upole. Alimkasirikia zaidi ya Fahim, maana Fahim alichukua alichokikuta, lakini Yahya alijua. Alijua, akafa amenyamaza. Machozi yalimtoka akiwa na hasira hivyo hivyo, na mkono haukutetereka.

Alipozima, Gachau alisogea. Mkono wake, kwa mazoea, ukanyooka kwenda kupangusa maranda begani, ukakwama hewani. Akaurudisha mfukoni.

"Ufunguo," Kulthum alimwambia Fahim. Hakumwita shemeji.

Fahim alisema ataita wazee. Gachau akasema awaite, naye atakuja kuwaambia alichokiona leo na ni nani aliyekiri kuhusu urefu wa mashine. Fahim aliuweka ufunguo mezani akatoka bila kuaga. Gachau naye aliuliza, kwa adabu ambayo hakuwahi kuitumia akiletewa chai, awaambie nini wateja wake Thika. Kulthum akamjibu awaambie ni mkono wa Kulthum, na kwamba umekuwa huo tangu mwanzo.

Hayat alirudi kutoka sokoni na kikapu chake, akamkuta wifi yake amesimama mlangoni mwa karakana, barabarani watu wanapita. Nguo za eda zilikuwa zimejaa maranda mabegani, kifuani, hadi kwenye mtandio. Aliweka kikapu chini upesi.

"Wifi, jipanguse," alinong'ona. "Watu watakuona."

"Wanione," Kulthum akasema, akarudi ndani kufunga mti mwingine.