Stoo ya Nazi Iliyovishwa Mbao

Mwanamume hachimbi sakafu ya stoo, akaipaka lami na kuzivisha kuta mbao, kwa ajili ya nazi na magunia ya mkaa. Hilo mie nililijua tangu siku ya kwanza, na asije mtu leo kuniambia kwamba nilikuwa na wivu tu. Wivu nilikuwa nao, sikatai. Lakini na macho pia nilikuwa nayo.

Tulikaa Temeke, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa mabati. Ubavuni kulikuwa na stoo iliyobandikwa na mwenyewe wa kwanza, mfanyabiashara aliyeijenga kwa matofali ya saruji ili wezi wasimtobolee ukuta. Wezi hawakutoboa, ila unyevu uliingia utakavyo. Masika kuta zilitoka jasho, sakafu ikalowa bila kudondokewa na tone, na gunia la mchele ukiliegemeza ukutani unakuja kulikuta limeota ukungu mweusi. Kiangazi humo ndani hukai, joto la tanuri. Nililalamika tangu nilipoolewa, na mume wangu hakuwahi kuigusa stoo ile. Hata bawaba ya mlango ilipong'oka nilimsihi mpaka nikachoka, nikaifunga kwa kamba.

Basi siku moja huyo anarudi kutoka kazini, kwenye godauni la bandarini, na mkokoteni umejaa makasha ya chai yaliyovunjwavunjwa. Mbao zake nyembamba, na upande wa ndani zimebandikwa karatasi ya bati inayong'aa. Akasema anaitengeneza stoo. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu unyevu umezidi. Umezidi leo? Nikajua kuna jambo.

Akamwita jirani yetu, fundi seremala, Mkristo wa bara, mtu mpole asiyependa maneno. Wakatoa kila kitu nje. Wakachimba sakafu, wakamwaga kokoto, juu yake mchanga mkavu, na juu ya mchanga lami ya moto iliyonuka uani kote. Kuta nazo wakazipaka lami, wakasimamisha mabanzi, na katikati ya mabanzi wakashindilia makumbi ya nazi yaliyoanikwa mpaka yakakauka kabisa. Kisha wakafunika kwa zile mbao za makasha, upande wa kung'aa ukitazama ndani. Fundi akanieleza mwenyewe, sikumuuliza, kwamba lami inazuia maji ya ardhini na makumbi yanazuia joto na baridi ya tofali. Nikamwambia hewaa, nazi zangu sasa zitalala raha mustarehe. Akainama akaanza kutafuta msumari.

Halafu wakatoboa dirisha, dirisha kubwa upande unaotoka upepo. Niambieni nyie, nazi inataka upepo wa nini?

Na hayo ya stoo hayakuja peke yake. Sie kwetu tulikula pamoja, sinia moja, mikono yote humo humo, baba anawamegea watoto samaki. Mume wangu akaacha. Nikitenga chakula anasema kuleni, mie baadaye, kisha anakula pembeni kwenye bakuli lake, kidogo tu kama mtu wa kuonja. Mke yeyote wa pwani anajua maana yake. Mwanamume anayelikimbia sinia la nyumbani ana sinia jingine mahali. Watoto nao akawa hawabebi. Mdogo akimpandia mapajani anamteremsha, anageuza uso. Nikasema moyoni, ameshaanza kujizoesha, huyu. Nikasikia pia kwamba mchana mwingine kazini haonekani. Kikohozi alichokipata siku zile nilikijua: moshi wa lami na vumbi la makumbi. Nikamwambia stahili yako.

Nikaenda kwa somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo na akanisindikiza hadi chumbani siku ya harusi. Alikuja kwa kisingizio cha kunisalimia, akaingia stoo, akagonga mbao, akaupapasa ule ukuta wa kung'aa. Mafunzo yake niliyashika tangu usichana: mume akilikataa sinia, usimuulize alikokula, maana ukimuuliza umejishusha, na mwenzako atakucheka. Alipotoka akanivuta kando ya kisima.

"Mwanangu, hapa pameandaliwa mtu," akasema. "Usiulize. Jipambe, ungoje."

Nilingoja, wallahi, na kungoja kule kulinikondesha. Nilikuwa na watoto wawili na sina kwa kwenda. Wazazi wangu walishafariki wote. Nilijiona nimebanwa upande mmoja wa nyumba, na upande wa pili mwenzangu amekaa penye mbao na upepo, na kuta zinamng'aria. Nilimbana fundi kwa chai na mihogo. Nikamuuliza mgeni anakuja lini. Akasema shemeji, mie napigilia tu. Hakunitazama, na muhogo hakuumaliza. Nikasema hao wameshapanga, wanaume ni wamoja, awe wa pwani awe wa bara.

Siku waliyomaliza kazi nilioga mapema, nikapaka wanja, nikavaa doti mpya ya kanga na kikuba cha asumini kifuani. Huyo mwanamke akifika anikute mie ndiye mwenye nyumba. Alasiri mkokoteni ukaja. Juu yake palikuwa na kitanda cha kamba, chembamba, na ndoo yenye kifuniko. Mume wangu na fundi wakakiingiza kitanda ndani, wakakisogeza chini ya dirisha.

Mafunzo ya somo yakanishinda pale pale. Fundi alipotoka, nikaenda nikasimama mlangoni.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo uliyemvishia stoo mbao. Mlete nimwone, yaishe."

Alikaa kitandani taratibu, akaweka mikono magotini. Nikaona shati lilivyompwaya, kama mashati yake yote, na mie niliyekuwa nikiyafua sikuwa nimeliona hilo.

"Hakuna mtu, mke wangu. Ni mie," akasema. "Hospitali wamenipima, nina kifua kikuu. Wameniambia nilale peke yangu, mahali pakavu penye hewa, nisile nanyi wala nisiwabebe watoto. Ningekwambia mapema usingekubali nihame chumbani."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Nilisema kwa sauti, na mikono nikaiinua. Masikio yalikuwa yamepokea hakuna mtu, ni mie, yakafungwa hapo. Hakuna mwanamke! Moyo ulioniuma siku zote zile ukaachia kwa mpigo mmoja, nikacheka, nikacheka mbele yake hadi wanja ukanichuruzika. Nyuma yangu nikamsikia fundi anakusanya vyombo vyake vya kazi, anaondoka bila kuaga.

Mume wangu aliponiona nacheka naye akaanza kucheka. Muda mrefu sikuwa nimemwona akicheka. Kicheko kikamgeukia kikohozi, akajiziba mdomo kwa kitambaa, na kile kitambaa kilipotoka mdomoni kilikuwa na damu. Hapo ndipo yale maneno mengine yaliponifikia.

Nikanyanyua mguu niingie nimshike. Akaninyooshea mkono, kiganja wazi.

"Ishia hapo, mama watoto."

Nikaishia hapo.