Mihogo ya Siku Mbili

Harufu ya mihogo iliyolowekwa haipendezi, na sitajifanya inapendeza. Ni harufu ya uchachu, ya kitu kinachooza kwa makusudi, na ikiingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Wageni wakipita nyuma ya mgahawa wangu hapa Kimanga, kando ya ziwa, hushika pua, kisha baada ya dakika chache hukaa mezani na kumaliza bugali, ugali wa mihogo ile ile, bila kuacha hata tonge. Huwa nawacheka kimoyomoyo. Lakini mimi mwenyewe, kila nikifunua pipa, harufu hiyo hunirudisha mahali pamoja tu: uani kwa tantine yangu, dada mdogo wa marehemu baba, palipokuwa na ukuta wa matofali pande tatu na mlango wa bati upande wa nne. Nilikuwa na miaka kumi, ulikuwa msimu wa mvua, na mlango ule haukufunguliwa kwa karibu wiki tatu, ila mara moja tu.

Mama alikuwa ametuacha pale ili aende Luberizi, bondeni, kuvuna mpunga katika shamba la kaka yake. Alisema angekaa siku nne. Alimkabidhi Amani, mdogo wangu wa miaka miwili na kitu, mikononi mwangu wala si mwa tantine, akaniambia, "Weye ndiye mukubwa. Amani asilale na njaa." Siku ya tatu tukasikia risasi upande wa milimani. Kesho yake barabara ya bonde ikafungwa, wavuvi wakakatazwa kuingia ziwani, na tantine akapitisha mnyororo kwenye mlango wa bati, akafunga kufuli na kuutia ufunguo kifuani. Ziwa lilikuwa mitaa miwili tu chini yetu. Asubuhi, upepo ukivuma, nilisikia mawimbi, lakini maji yenyewe sikuyaona tena. Niliujua ukuta ule tofali kwa tofali. Nilimchukia tantine kwa kufuli lake, nikamchukia mama kwa mpunga wake, na Amani aliponing'ang'ania sketi kutwa nzima nilimchukia na yeye, kisha nikambeba mgongoni kwa aibu.

Tantine alikuwa muuzaji wa vyakula vya kutoka mbali: mchele wa magunia yenye maandishi ya Kichina, nyanya za kopo, maziwa ya unga. Nyumbani kwake chakula kilikuwa kile kilichofungwa na kupigwa muhuri. Majani ya uani aliyaachia mbuzi wa jirani. Siku za kwanza majirani walinunua kupitia tundu dogo la ukutani wakamaliza karibu kila kitu dukani, naye akauza kwa furaha, akidhani barabara ingefunguka wiki ile ile. Ilipofika wiki ya pili tulibaki na chumvi, nusu chupa ya mawese na kopo moja la nyanya ambalo tulilitazama tu.

Hapo ndipo tulipogeukia ua. Kando ya ukuta wote marehemu mume wake alikuwa amepanda mihogo michungu, kama wafanyavyo wengi kwetu, kwa sababu mwizi anayeijua haing'oi na mbuzi akiionja harudi. Lengalenga, mchicha wetu, ilijiotea karibu na bafu, mboga za maboga zilipanda juu ya choo. Nilianza kuchuma. Nilitwanga majani ya muhogo mpaka viganja vikaota malengelenge, nikayachemsha kwa muda mrefu kama nilivyomwona mama akifanya, nikatia mawese kijiko kimoja. Tantine alionja sombe ile akasema, "Mutoto huyu anajua kupika kuliko minye." Nilifurahi mno. Ndani ya ua ule niliokuwa nautamani ubomoke, nilikuwa nimepata jambo ambalo mikono yangu ililiweza, na kila asubuhi niliamka nikiwaza nitachanganya nini na nini. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaza.

Lakini majani hayashibishi mtoto. Amani alitaka bugali, na bugali ulikuwa chini ya ile mihogo michungu. Muhogo mchungu una sumu, hilo kila mtoto wa bonde la Ruzizi analijua kabla hajajua kusoma. Unamenywa, unalowekwa, na wakati wa mvua, kukiwa na baridi, unakaa majini siku nne. Wala hatuhesabu siku tu. Kila asubuhi unaingiza mkono ndani ya pipa, unachukua kipande na kukifinya kwa kidole gumba. Kikipasuka na kuwa kama uji, umeiva. Kikikataa, unarudisha, hata kama nyumba nzima inalia. Tuling'oa mashina sita, tukajaza pipa la bluu, na tantine akanipa kazi ya kidole.

Siku iliyofuata malaria ikamwangusha. Alilala chumbani akitetemeka, na mimi nikabaki na pipa na Amani. Asubuhi ya siku ya pili Amani hakulia, na ndicho kilichoniogopesha. Alikaa juu ya kizingiti akilamba chumvi kiganjani, macho yake makubwa. Niliingiza mkono pipani. Muhogo ulikuwa mgumu kama ulivyotoka ardhini, isipokuwa ncha chache. Nikafinya kingine. Vilevile.

"Weye Riziki," tantine akaita kutoka ndani, "mihogo imelegea?"

"Imelegea, tantine."

"Umefinya na kidole?"

"Nimefinya."

"Yote?"

"Yote."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nilitoa vipande, nikavikatakata kwa kisu kwa kuwa havikuvunjika kwa mkono, nikavikausha juu ya bati lililowekwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikatwanga na kuchekecha. Kesho yake mchana tulikuwa na bugali mweupe, wa moto, pamoja na lengalenga. Tantine alijiburura akaja kukaa mkekani nasi. Alikata tonge, akatafuna taratibu. Kisha akasema homa imemkatia hamu ya kula, akasogeza sehemu yake yote mbele ya Amani. Nami nilikula. Uchungu niliusikia, lakini njaa haikunipa nafasi ya kuusikiliza.

Kabla ya saa kumi Amani alitapika. Mimi kichwa kiliniuma nikaona ua ukizunguka, lakini nilisimama. Yeye miguu ilimlegea, akaanguka mara mbili alipojaribu kunijia, kisha akalala mapajani mwa tantine akipumua kwa shida, midomo imepauka. Zahanati ilikuwa umbali wa kutembea robo saa. Tantine alifungua kufuli, akatoka naye hadi kona, risasi zikalia karibu, akarudi mbio na kufunga tena. Alimpaka maji, akamlaza kifudifudi ili atapike zaidi, akaomba rozari kwa sauti huku yeye mwenyewe akichemka kwa homa. Nilikaa nimeegemea pipa. Kila Amani alipovuta pumzi nilijisemea kwamba ikija nyingine nitasema ukweli. Pumzi zilikuja, na sikusema. Jioni akafungua macho akaomba maji, nami nikaona basi, hakuna haja tena ya kusema.

Mama alirudi barabara ilipofunguka, amekonda, na gunia dogo la mpunga kichwani. Kabla hajalitua, tantine alipiga magoti mbele yake. "Minye nilikaribia kukuulia mutoto. Nilimulisha mihogo yenye haijaiva." Mama alimwinua. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimemshika Amani mkono.

Miaka imepita. Leo watu hunisifu. Wageni wa mashirika hufika na daftari, wanataka kujua niliwaza vipi kupika vya hapa hapa, samaki wa ziwani kama ndagala na mukeke, mchele wa Luberizi, sombe isiyotiwa kitu cha kopo, na kwa nini nalima lengalenga uani badala ya kununua. Huwa nawajibu kwamba nilifundishwa na mama. Wanaandika. Tantine naye, tangu msimu ule, hajampikia mtoto yeyote wa ukoo huu. Wajukuu zake wakilia njaa huwapeleka kwa jirani. Naye akija kwangu hula wali tu.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya misa, alikuja na Amani, ambaye sasa ni fundi cherehani, mrefu kuliko mlango wangu. Amani alitoka kwenda kunawa. Sijui kilichonisukuma. Pengine ni kwa sababu nilimwona tantine akikwepesha macho kutoka kwenye sahani ya bugali.

"Tantine," nikasema, "ile mihogo haikuwa imelegea. Nilikudanganya."

Hakushtuka. "Najua," akasema. "Minye nilikuwa mu kitanda, nikasikia vile ulikuwa unatwanga. Muhogo wa kuiva haulie vile. Na nilionja, mwanangu. Uchungu nilisikia mu mudomo, nikajiambia iko homa. Nilijua kama haiko homa. Kisha nikamupatia na sehemu yangu."

Nilimtazama mwanamke aliyepiga magoti kwa ajili yangu. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilitaka kucheka pia. Wakati ule tulifungiwa na watu wenye bunduki. Siku hizi nafungua mlango alfajiri, naufunga nitakapo, nikitaka ziwa nashuka kuliona, na bado sisi wawili hatujatoka ndani ya ua ule.

Amani akarudi akijipangusa mikono kwenye suruali. "Munasema nini?" akauliza. "Mbona munanyamaza?"

Tantine alinitazama, nami nikamtazama.

"Ikaa ukule," akasema tantine, na mimi nikachukua mwiko, nikampakulia Amani bugali.