Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Kwetu mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu. Ukiwa mwalimu, hata wa hesabu, jamaa hukutwika kazi hiyo bila kuuliza kama unaiweza. Shangazi zangu wawili, dada za baba, niliwaandikia mimi, na wote niliwamalizia vilevile: alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Uongo mtupu. Yule aliyeishi Longonot aliugua miaka mitatu, na kidonda cha titi lake nilikiosha kwa mikono hii. Lakini wazee walishasema ugonjwa huo usitajwe, wasichana wetu wasije wakakosa wa kuwaoa.

Siku moja mdogo wangu akanipigia simu kutoka kliniki. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana uvimbe wala maumivu. Alitaka tu kujua hatari yake ni kiasi gani.

"Sister, nesi anajaza fomu hapa. Anauliza kama kwetu kuna mtu alikuwa na kansa ya matiti. Hata upande wa baba."

Nilikuwa staffroom, walimu wenzangu wanakunywa chai, na masikio yao nayajua. Nikasema, "Hakuna."

"Na wale maaunty?"

"Waliugua tu. Achana na hayo."

Nesi akaandika hatari ya kawaida, akamwambia arudi akifika arobaini. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Hakufika arobaini.

Wasifu wake niliuandikia mezani kwake, mtaani Rhonda. Niliandika saratani ya matiti, nikaandika umri, na chini yake nikawaongeza shangazi zetu na miaka yao. Baba mdogo aliusoma akakunja uso.

"Mwalimu, toa hiyo."

Nilikataa, nikajiona jasiri. Ujasiri gani, na mazishi ni kesho?

Tulipotoka makaburini, binti wa mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, alinifuata jikoni nikiosha vikombe. Alikuwa ameikunja ile karatasi ya wasifu mara nne.

"Hii nitaenda nayo kliniki," alisema. "Aunty, kwani haya yote ulikuwa unayajua?"

Niliendelea kusugua kikombe kilichokuwa safi kitambo.

"Nilijua."

Laiti angenipigia kelele. Alichukua kitambaa, akasimama kando yangu, akaanza kukausha vikombe vya mama yake.