Bibi Nyuzi Anafuta Ubao Asioweza Kuusoma

Saa moja asubuhi, wanafunzi hawajafika. Bibi Nyuzi amesimama mbele ya ubao wa darasa la wanaoanza gitaa, kifutio mkononi. Mistari mitano imepigwa toka pembe hii hadi pembe ile, na juu yake vidoa vyenye mikia vimejazana kama viluwiluwi dimbwini.

Hafuti. Anatoa daftari mfukoni mwa aproni, ananakili kidoa kimoja kimoja, ulimi ameubana kati ya meno kama mtoto wa darasa la kwanza. Akimaliza, ndipo anapofuta.

"Kitendawili," anamtegea mgeni aliyekuja kumhoji, bila kugeuka.

"Tega."

"Shamba nimelilima miaka ishirini na miwili, leo nimepewa ufagio nilifagie, jembe marufuku."

Mgeni anashindwa, na hana mji wa kumpa. "Mimi na chumba hiki," Bibi Nyuzi anajitegulia mwenyewe, anacheka kidogo. Kicheko hakifiki machoni.

Mama huyu wa miaka 59 ndiye aliyekuwa mwalimu wa wanaoanza katika chuo hiki cha muziki, chenye vyumba vinne juu ya duka la misumari na mabati. Jina la Bibi Nyuzi alipewa na wanafunzi. Gitaa alifundishwa na kaka yake, kwa kusikiliza na kuiga. Noti, vile vidoa vya ubaoni, hakuwahi kufundishwa na mtu.

Ufundishaji wake ulianzia chini. Wiki nzima mwanafunzi haligusi gitaa. Anapiga mguu sakafuni huku akisimulia alivyoamka, alivyonawa, alivyogombana na nduguye, na mguu usiyumbe. Wiki ya pili anapewa uzi mmoja. Mwezi wa tatu anapiga wimbo mzima, nyumbani kwao wanatoka mlangoni kumsikiliza.

"Mguu ukiyumba, mkono utasema uongo," anasema.

Mwaka jana ikaja amri: kila mwalimu awe na cheti cha nadharia ya muziki. Aliyeitoa ni mkuu mpya wa chuo, kijana aliyefika kwa Bibi Nyuzi akiwa na mkono mzito kama mchi, akashikwa mkono huohuo mpaka ukalainika. Baadaye alikwenda kusoma mbali, akarudi na vyeti.

"Aliniita ofisini akanifungulia soda," Bibi Nyuzi anakumbuka. "Mtoto yule hajawahi kunifungulia soda. Nikajua limeharibika."

"Mama, ni mtihani mmoja tu," mkuu alimwambia.

"Wa kupiga?"

"Wa kuandika."

"Basi sema umenifukuza, baba. Soda yako usiipoteze bure."

Hata hivyo alikwenda. Walikuwa watahiniwa kumi na watatu. Tisa kati yao aliwafundisha yeye kushika gitaa. Swali la mwisho lilikuwa la kusikiliza: wimbo uliorekodiwa unapigwa kwenye redio, mtahiniwa auandike kwenye mistari mitano.

Redio ikawashwa. Bibi Nyuzi akaangua kicheko. Gitaa lile lilikuwa lake, limerekodiwa katika chumba chake cha kufundishia miaka kumi na mmoja nyuma, na katikati kikohozi chake mwenyewe.

"Huyo ni mimi!"

"Mtahiniwa namba saba, kimya," akasema msimamizi.

Akainama, akaandika kwa alichonacho: kidole cha shahada uzi wa tatu, cha pete uzi wa pili, hapa ngoja, hapa vuta. Ukurasa ukajaa, akaugeuza. Karatasi ilirudi na wino mwekundu: *Hakujibu swali.* Alama 31 kwa mia. Waliopita walianzia 50.

Ofisini kwake, mkuu wa chuo anajibu akitazama dirisha.

"Wimbo ule niliuchagua makusudi. Nilijua Mama anaujua hata usingizini. Nilitaka apite." Anafungua droo, karatasi imo. "Nimeupiga kwa kufuata alichoandika. Haukosei popote. Hata kikohozi amekiandika."

Kwa nini basi asimpe alama?

"Nikimpa yeye, wengine nitawaambia nini?" Anaifunga droo.

Bibi Nyuzi akapewa kazi ya usafi, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani. Hakususa. "Kususa ni kwa mwenye akiba," anasema. "Mimi nina mume asiyeinuka kitandani."

Saa tatu darasa limeanza. Bibi Nyuzi anadeki ukumbini, mlango uko wazi. Ni wiki ya sita, wanafunzi wanane bado wanachora noti kwa penseli. Mmoja, kwa kuchoka, anapitisha kidole kwenye gitaa lililo karibu naye. Dekio linasimama.

"Mwanangu," Bibi Nyuzi anamwita mwalimu kijana kwa upole, "uzi wa pili umelegea."

"Asante, Bibi. Tutafika huko. Ni sura ya tisa."

Vidole vya mkono wa kushoto wa Bibi Nyuzi vinajikunja juu ya mpini wa dekio, vikitafuta mahali pake. Wafanyakazi wa usafi hawaruhusiwi kugusa ala.

"Maandishi siyachukii," anasema akiwa ameketi ngazini na daftari lake. "Lakini mtoto huita mama kabla hajashika penseli. Hawa wamempa penseli, wakamziba mdomo." Anafunua ukurasa. "Huyu mwalimu kijana hunielekeza wakati wa chai. Kumbe hata kunyamaza kuna alama yake! Hiyo niliishika kwa siku moja tu."

Baada ya miezi miwili atarudia mtihani. Akipita, anasema, atarudi mbele ya ubao uleule, apige mistari mitano kwa rula, inyooke. Kisha atawaambia wanafunzi wafunge madaftari, waanze na mguu.

Na akifeli?

Bibi Nyuzi anakamua tambara mpaka tone la mwisho.

"Nitaendelea kufuta. Na siku nikifa wanizike na daftari hili. Nikaulize huko nako kama sikujibu swali."